Mpanda Bado Imo Rukwa: Mhadhara Kuhusu Kustaafisha Ripoti Zilizopitwa na Wakati

Mtu akichukua majedwali ya sensa na kuyasoma bila kuijua historia ya mkoa wa Rukwa, atadhani kulitokea balaa lililowafukuza wakazi wake. Sensa ya 2002 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.1. Sensa ya 2012 ikakuta 1,004,539. Miaka kumi nchi nzima inaongezeka, Rukwa inapungua!

Hakuna aliyekimbia. Machi 2012, miezi michache tu kabla makarani wa sensa hawajaanza kupita nyumba kwa nyumba, Mpanda iliondolewa Rukwa ikawa kiini cha mkoa mpya wa Katavi. Mwaka huohuo zilizaliwa pia Geita, Njombe na Simiyu. Katavi ilihesabiwa watu 564,604, na ukiwarudisha upande wa Rukwa unapata zaidi ya milioni moja na nusu, yaani ongezeko la kawaida kabisa. Wakati huohuo wilaya ya Sumbawanga nayo ilimegwa, Kalambo ikapatikana, makao yake Matai. Kwa hiyo Rukwa ya leo ina halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga Vijijini, Nkasi na Kalambo.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu huyaeleza mambo hayo katika vitabu vyake. Ripoti iliyoundwa kwa mahitaji ya ofisi fulani haina kawaida hiyo. Ndani yake mna fomula, na fomula haijui Gazeti la Serikali limetangaza nini. Kama aliyeitengeneza alitaja wilaya za Rukwa moja moja, Sumbawanga Mjini, Sumbawanga Vijijini, Nkasi na Mpanda, basi ripoti hiyo itaendelea kuijumlisha Mpanda na kuiacha Kalambo nje mpaka mtu aifungue na kuirekebisha. Haitakwama wala haitatoa onyo jekundu. Itachapisha jumla iliyonyooka vizuri, yenye nembo juu na nafasi ya saini chini, na mganga mkuu atakwenda nayo mkutanoni.

Ripoti iliyoharibika si tatizo kubwa, kwa sababu inajitangaza yenyewe. Inayotia hasara ni ile inayoendelea kufanya kazi baada ya mambo iliyokuwa ikiyahesabu kubadilika.

Mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili ni sekta ya afya, kwa kuwa ndiyo yenye mfumo wa takwimu uliofika mpaka zahanati ya mwisho. MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama mfumo wa vitabu. Mpaka leo vitabu hivyo ndivyo msingi wake: muuguzi wa zahanati katika Bonde la Ziwa Rukwa anaandika kila mgonjwa wa nje kwenye Kitabu Namba 5, wajawazito Namba 6, watoto Namba 7. Mwezi ukiisha anahesabu, anajaza fomu za muhtasari, na fomu zinapanda juu kwenye uwanda wa Ufipa zikafike kwa mratibu wa MTUHA wa halmashauri kabla ya tarehe 7. Huko zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuifanyia kazi nchini na ambayo kufikia 2013 ilikuwa imesambazwa wilaya zote za Tanzania Bara.

Mzizi wa programu hiyo uko Afrika Kusini. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, wizara mpya ilirithi idara nyingi za afya, kila moja na fomu zake. Watafiti na watumishi wa afya wa Cape Town walioanzisha HISP, mradi wa mifumo ya taarifa za afya, waliona kwamba kompyuta peke yake isingeondoa vurugu hiyo, wakaanza kwa kubishania orodha fupi ya takwimu ambazo kila kituo lazima kizitoe. Kila idara ilitakiwa itetee safu yake kwa kueleza itaitumia kuamua nini. Inashangaza kidogo kwamba mfumo uliozaliwa kwa kupunguza fomu umekuwa, katika nchi nyingi, ghala la ripoti ambazo hazihesabiki.

Sababu yake si uzembe. DHIS2 inamruhusu mtu mwenye ruhusa kutengeneza jedwali, chati, ramani au dashibodi yake kwa dakika chache, na kwa mwenye ujuzi zaidi, ripoti nzima ya HTML au hoja ya SQL inayochota moja kwa moja kwenye kanzidata. Mgeni anakuja kutoka wizarani Jumatano, anataka takwimu za malaria kwa kata. Ripoti inatengenezwa Jumanne usiku, inapewa jina "malaria mpya 2", inatumika mara moja. Aliyeitengeneza anahamishwa mkoa mwingine. Anayempokea anaikuta, hajui ilikusudiwa nini, anaogopa kuigusa, anatengeneza ya kwake: "malaria mpya 2 sahihi". Mwenye kuona kichekesho hapo na afungue orodha ya ripoti za ofisi yake asome majina.

Mipaka ni chanzo kimoja tu cha kuchakaa. Kingine ni mabadiliko ya huduma yenyewe, na hapa chanjo zinafundisha kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2009 Tanzania iliacha chanjo ya DTP-HB ikaanza kutoa pentavalenti, ambayo iliongeza kinga dhidi ya bakteria wa Hib. Ripoti iliyokuwa ikitafuta safu ya chanjo ya zamani ilibaki ikitafuta kitu ambacho hakipo kwenye jokofu. Aprili 2016 dunia nzima iliacha matone ya polio ya aina tatu ikahamia aina mbili. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote 2018 kwa dozi mbili. Mwaka 2024, kufuatia ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ikawa dozi moja.

Badiliko hilo la mwisho litazamwe kwa karibu. Kwa miaka kadhaa kipimo cha mafanikio kilikuwa dozi ya pili: wasichana wangapi wamekamilisha. Ripoti nyingi za aina hiyo huandikwa zisome dozi ya pili tu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiulizwa. Ripoti kama hiyo ikiachwa hai baada ya 2024 itaonyesha mstari unaoporomoka mpaka sifuri mwaka uleule ambao kazi imerahisishwa. Afisa mgeni atauliza kwa nini wazazi wamegoma. Kikao kitatumia saa nzima kujadili uvumi na elimu kwa jamii, ilhali jibu liko kwenye fomula.

Matibabu ya VVU yana hadithi inayofanana na hiyo. Zamani mgonjwa alianzishiwa dawa baada ya seli zake za kinga za CD4 kushuka chini ya kiwango kilichowekwa, na kiwango chenyewe kilipandishwa mara zaidi ya moja. Tangu Oktoba 2016 sera ni kumtibu kila anayegundulika. Ripoti ya "wanaostahili kuanza dawa" iliyojengwa juu ya kiwango cha CD4 ilipoteza maana siku hiyo, ingawa namba zake ziliendelea kutoka.

Halafu kuna namba zilizopigwa misumari ndani ya fomula. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na ni gumu kulitambua kwa macho. Kiwango cha chanjo ni watoto waliochanjwa kugawanywa kwa watoto wanaokadiriwa kuwepo. Makadirio hutokana na sensa. Rukwa iliyokuwa na watu 1,004,539 mwaka 2012 ilikutwa na watu 1,540,519 mwaka 2022, ongezeko la zaidi ya nusu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba watoto wa chini ya mwaka mmoja ni asilimia 4 ya watu wote, na kwamba waliochanjwa ni 50,000. Kwa idadi ya 2012 walengwa ni kama 40,200, na kiwango kinatoka asilimia 124. Kwa idadi ya 2022 walengwa ni kama 61,600, na kiwango ni asilimia 81. Ripoti ya kwanza inasema mkoa umepita lengo kiasi cha kutia shaka. Ya pili inasema karibu mtoto mmoja kati ya watano amekosa chanjo. Watoto ni walewale, na sindano ni zilezile.

Tukirudi kwenye mipaka, Rukwa haiko peke yake. Kenya iliisambaza DHIS2 mwaka 2011 kwa ngazi za mikoa na wilaya. Baada ya uchaguzi wa 2013 zikaja kaunti 47, ikabidi mti mzima wa maeneo ya utawala upangwe upya. Uganda ilikuwa na wilaya 80 mwaka 2006, ikawa nazo 112 mwaka 2010, na kufikia 2020 zilikuwa 135. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Katanga ilivunjwa mwaka 2015 wakati Kongo ilipotoka mikoa 11 kwenda 26, na upande unaotazamana na Ufipa ukawa mkoa wa Tanganyika, makao yake Kalemie. Na jirani zaidi, mwaka 2016 Songwe ilikatwa kutoka Mbeya, kiasi kwamba anayetoka Sumbawanga kwa barabara ya lami ya Tunduma sasa anaingia mkoa ambao ripoti za zamani hazikuwahi kuujua.

Wahandisi wa DHIS2 wamelijua tatizo hili. Kila kituo na kila eneo katika mfumo lina tarehe ya kufunguliwa na linaweza kupewa tarehe ya kufungwa, na matoleo ya miaka ya karibuni yana nyenzo za kugawa au kuunganisha maeneo bila kuzipoteza takwimu zake. Mfumo pia hurekodi ni mara ngapi kila dashibodi na chati imetazamwa. Upo hata ukaguzi wa ndani ambao msimamizi akiubonyeza unamletea orodha ya dashibodi, ramani na chati ambazo hazijafunguliwa na mtu yeyote kwa mwaka mzima. Kwa ofisi ambayo haijawahi kusafisha, hapo ndipo pa kuanzia. Orodha yenyewe hufungua macho.

Ila isichukuliwe kama hati ya hukumu. Ripoti ya kila wiki ya kipindupindu inaweza kukaa miaka miwili bila kutazamwa, na hiyo ni habari njema. Kipindupindu kimewahi kuzuka katika vijiji vya Bonde la Ziwa Rukwa, na siku kikizuka tena hakuna atakayekuwa na muda wa kutengeneza jedwali. Ripoti za kuandalia mpango wa mwaka wa halmashauri nazo huamka mara moja kwa msimu. Kwa upande mwingine, ripoti inayotazamwa kila siku inaweza kuwa ndiyo mbovu kuliko zote, inafunguliwa kwa mazoea kwa sababu iko juu ya ukurasa. Idadi ya watazamaji inamwambia msimamizi aanzie wapi kuuliza, basi.

Swali la kuuliza ni moja: namba hii ikibadilika, nani atafanya nini tofauti? Akikosekana wa kujibu, ripoti haina mwenyewe. Hapo si busara kuifuta papo hapo. Njia inayofaa ni kuitoa kwenye macho ya watumiaji na kuacha robo mwaka ipite, ikiwezekana mpaka Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, maana kuna ripoti ambazo mwenyewe huzikumbuka siku ya kufunga hesabu tu. Kama simu haijalia, inafungwa rasmi.

Kufunga rasmi ni kitu ambacho serikali ya Tanzania inakijua vizuri kuliko wataalamu wa kompyuta wanavyodhani. Masijala yoyote ya halmashauri hulifunga jalada likijaa, hufungua juzuu jipya, na huandika kwenye lile la zamani kwamba limefungwa na mwendelezo wake uko wapi. Karani wa masijala hatafuti ruhusa ya kuwa mwerevu, anafuata utaratibu. Ni ajabu kwamba ofisi hiyohiyo, vyumba viwili mbele, ina kanzidata yenye mamia ya ripoti ambazo hakuna hata moja iliyoandikwa tarehe ya mwisho. Ripoti inayostaafu inahitaji mambo yaleyale: neno IMEFUNGWA kwenye jina lake, tarehe, sababu katika sentensi moja ("dozi ya pili imeondolewa kwenye ratiba"), jina la ripoti inayochukua nafasi yake, na cheo cha aliyeidhinisha. Cheo, kwa sababu watu huhama.

Sheria nayo haimruhusu mtumishi kufuta kama apendavyo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 inazilinda kumbukumbu za umma dhidi ya kuteketezwa bila idhini. Ripoti iliyotumika kuombea fedha au kuamulia kituo kijengwe wapi ni sehemu ya ushahidi wa uamuzi huo. Kinachostaafu ni uwezo wake wa kuendelea kuzaa namba mpya. Nakala yake ya mwisho na maelezo ya fomula yake yanahifadhiwa. Mkulima wa Ufipa anayetumia kilimo cha ntumba halichomi jani la msimu uliopita. Analifukia ndani ya tuta la mviringo lioze, na mwaka unaofuata tuta linasambazwa kuwa mbolea ya mahindi au ulezi. Maelezo ya ripoti ya zamani yana kazi ya namna hiyo kwa anayeandika mpya, hasa akitaka kulinganisha miaka ya nyuma na ya sasa bila kuichanganya Mpanda na Kalambo.

Kuna upande mmoja ambako kuhifadhi kila kitu ni kosa, nao ni ripoti zinazoorodhesha watu. Orodha ya wagonjwa waliokosa kliniki, yenye majina, vijiji na namba za simu, ina kazi nzuri kwa wiki mbili, muda wa kuwatafuta. Baada ya hapo ni hatari iliyolala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitaki taarifa za mtu zikae zaidi ya muda wa shughuli iliyozileta. Ripoti za aina hii zichunguzwe kwanza, kabla ya zote, na idhini ya kuziondoa iombwe mapema.

Kiufundi, hoja za SQL zilizosahauliwa ndizo zinazokwamisha watu usiku. Hoja iliyohifadhiwa ndani ya kanzidata inashikilia majedwali inayoyasoma. Ukitaka kupandisha toleo jipya la DHIS2, programu hujaribu kubadilisha muundo wa majedwali hayo, na kanzidata inagoma kwa kuwa kuna kitu kimeyaegemea. Ndiyo maana maelekezo ya kupandisha toleo huagiza hoja hizo ziondolewe kwanza, kisha zinazohitajika zirudishwe. Katika mfumo wenye hoja chache zinazojulikana, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Penye hoja nyingi zisizo na mwenyewe, kila moja inageuka kesi. Ripoti za HTML zilizoandikwa kwa mkono nazo hutegemea njia za mawasiliano za toleo la wakati wake; toleo likipita mbali, ukurasa unafunguka mtupu. Hizo angalau zinakufa waziwazi.

Kwa ripoti za wafadhili, mazungumzo ni mengine. Nyingi zilijengwa kwa vipimo vya mradi, kwa vipindi vya mradi, na zilikuwa na msomaji mmoja ng'ambo ya bahari. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo USAID ikafungwa kama shirika, ripoti za namna hiyo zilibaki bila wa kuzipokea. Si lazima zote zife. Kipimo cha wagonjwa wa VVU ambao virusi vyao vimefubazwa kina thamani kwa mganga mkuu wa mkoa hata kama hakuna anayekilipia. Safu zilizowekwa ili kulinganisha mashirika mawili yaliyogawana wilaya hazina kazi tena. Kuzitenganisha mbili hizo kunamhitaji mtu anayejua huduma, na afisa TEHAMA asiachiwe peke yake.

Kisha kuna ripoti ambazo hakuna ukaguzi wowote wa mfumo unaoweza kuzifikia: mafaili ya Excel yaliyoshushwa, yakarekebishwa, yakanakiliwa kwa flashi kutoka Namanyere hadi Laela. Hayo hayastaafishwi kwa kubonyeza kitufe. Mahali pake ni kikao cha robo mwaka cha kupitia takwimu, ambapo waratibu wa halmashauri nne hukaa meza moja na kompyuta zao. Kila mmoja afungue faili analotumia kila mwezi, sio lile analotakiwa kutumia, na asome kwa sauti vitu vinne: wilaya zilizotajwa, sensa iliyotumika, majina ya chanjo, na tarehe ambayo fomula ilibadilishwa mara ya mwisho. Kazi hiyo haihitaji bajeti wala mtaalamu kutoka Dodoma. Inachukua kama saa moja, na kwa kawaida ubishi huanza kwenye kitu cha pili.